Klasi za JavaScript na Kibali cha Kuzitumia

Wanafunzi kadhaa wa chama chetu cha kompyuta wameuliza: programu ikiisha kutolewa bure, kuna haja gani tena ya leseni? Swali hili ni zuri. Lakini kabla ya kulijibu yatupasa tujue kitu chenyewe ni nini, ndipo tuzungumze habari ya kibali chake.

1. Klasi ni nini?

Mfyatuaji wa matofali hapimi kila tofali kwa rula. Ana kalibu yake. Autiapo udongo na kuinyanyua, tofali hutoka na kipimo kile kile. Katika programu, kalibu ya namna hiyo huitwa klasi. Klasi ya Mwanafunzi, mathalani, huonyesha kwamba kila mwanafunzi ana jina, kidato na alama, na kwamba alama zake zaweza kujumlishwa. Ukiisha kuiandika mara moja, waweza kuwatoa wanafunzi mia saba katika kalibu hiyo moja.

Lugha ya JavaScript, aliyoitunga Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995 kwa muda wa siku kumi hivi, haikuwa na neno la kuundia klasi. Ilifuata njia ya fundi cherehani asiye na karatasi ya vipimo: huchukua shati lililokwisha kushonwa, akalitandika mezani, akakata jipya kwa kulifuata. Njia hii yafaa, ila waliozoea kalibu waliiona ngumu. Basi wakajitungia kalibu zao wenyewe na kuziweka katika maktaba. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyo wa programu ndogo ndogo zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtu huzichukua akazitumia katika kazi yake. Sam Stephenson alitoa maktaba ya Prototype mwaka 2005, na MooTools ikafuata mwaka 2006. Lugha yenyewe haikupata neno la klasi mpaka mwaka 2015.

2. Leseni ni nini?

Mtu akiandika programu, hakimiliki ni yake, kama vile mwandishi wa kitabu. Akiiweka mahali pa wazi bila neno lolote, wengine waweza kuiona, lakini hawakupewa ruhusa ya kuinakili wala kuibadili. Leseni ndiyo ruhusa hiyo. Leseni ya MIT ni fupi sana: tumia, nakili, badili, hata uza, mradi uliache tangazo la hakimiliki pamoja na maneno ya leseni, wala usimdai mwandishi ikiwa programu imekuharibia kazi. Leseni ya GPL huongeza sharti: ukiibadili programu na kuwagawia wengine, uwape nao uhuru ule ule uliopewa wewe.

3. Habari ya React

Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ya Marekani iliwatolea watu wote maktaba ya React, ambayo kazi yake ni kujengea kurasa za kompyuta. Kwa kuwa wakati ule lugha haikuwa na klasi, React ilikuja na kalibu yake, jina lake createClass. Lugha ilipopata klasi zake, kalibu ile haikuwa na kazi kubwa tena. Mwezi wa Aprili 2017 ikatengwa ikawa maktaba ndogo ya peke yake, ili wenye programu za zamani wasikwame.

Mwaka huo huo likazuka jambo la leseni. Tangu 2014 leseni ya React ilifuatana na karatasi ya pili, iliyohusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Karatasi hiyo ilisema kwamba anayeishtaki Facebook kwa ajili ya hataza hupoteza ruhusa ya hataza aliyopewa pamoja na React. Wako walioona kuwa hiyo ni kinga ya haki. Wako walioiona kuwa mtego. Mwezi wa Julai 2017 Apache Software Foundation iliikataza miradi yake kutumia programu zenye sharti hilo. Tarehe 14 Septemba Matt Mullenweg wa WordPress akatangaza kuwa wataiacha React. Siku nane baadaye Facebook ikasema itahamia leseni ya MIT, na tarehe 26 Septemba React 16 ikatoka chini ya leseni hiyo.

Angalieni: ubora wa React haukuwa na ugomvi. Watu walikuwa tayari kuiacha maktaba nzuri kwa sababu ya aya chache za maneno.

4. Nani aweza kubadili leseni?

Ni mwenye hakimiliki tu, au aliyepewa idhini naye. Facebook iliweza kubadili upesi kwa sababu watu wa nje walioichangia React walikuwa wametia sahihi mapatano mapema. Penye wachangiaji wengi wasio na mapatano, kila mmoja hana budi kuulizwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bootstrap, iliyoanzia kampuni ya Twitter: wachangiaji waliombwa kibali, hata mwaka 2014 ikahamia MIT. Tena kumbukeni kwamba leseni mpya haizinyang'anyi nakala za zamani ruhusa zilizokwisha kutolewa.

5. Yaliyotupata sisi

Mwaka jana wanafunzi wanne wa chama chetu waliandika maktaba ndogo ya klasi kwa ajili ya alama na ripoti. Mwalimu wa shule jirani akaipenda, akaomba kuitumia. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuandika leseni yo yote, na mwandishi wa nne, aliyetunga klasi ya ripoti, alikuwa amekwisha kumaliza Kidato cha Nne na kurudi kwao. Simu yake haikupatikana. Mmoja akasema, "Ni rafiki yetu, hatakataa." Huenda kweli, lakini kazi ilikuwa yake, wala hakuna aliyekuwa na haki ya kumjibia. Tukapeleka barua kwa mkono wa ndugu yake, tukangoja majuma matano. Jibu likaja: amekubali leseni ya MIT, ila jina lake lisiondolewe. Halikuondolewa.

Tangu siku ile, mwanachama mpya husoma leseni na kutia sahihi kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Maswali ya kujaribu

1. Eleza tofauti ya kalibu ya matofali na shati la kufuatia.
2. Kwa nini createClass ilitengwa mwaka 2017?
3. Watu watatu wameandika maktaba bila leseni, na mmoja amekataa MIT. Wawili waliobaki waweza kufanya nini kwa haki?