Somo: Anayeuguza Naye Ni wa Kusaidiwa



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya miche, magugu, uchumaji na uanikaji. Leo twaomba ruhusa tuzungumze juu ya mtu asiyeonekana shambani wakati wa mchumo, na wala si mvivu. Yumo ndani, anauguza. Huenda ni mama yake aliyepooza, au mume aliyeanguka mkarafuuni, au mtoto asiyeweza kuachwa peke yake. Mgonjwa watu humjua. Humwombea dua na kumpelekea uji. Walakini yule anayemgeuza kitandani usiku wa manane, nani amwulizaye, "Na wewe, umelala?"

Wazee wetu walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Somo la leo lataka kuonyesha kwamba kanda hilo lina uzito, na kwamba chama kinaweza kulipokea kwa zamu.

UZITO WENYEWE

Chukueni mfano wa nyumba moja yenye mikarafuu yake na mgonjwa wake. Karafuu hazingoji mtu. Zikipevuka hutakiwa kuchumwa kabla hazijafunguka. Zikiachwa huchanua, kisha huwa mpeta, na mpeta hauna bei ya karafuu. Zilizochumwa nazo huchambuliwa makonyo, huanikwa, na wingu likitanda huanuliwa mbio.

Mgonjwa naye hangoji. Asiyeweza kujigeuza hutakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, asije akatoka vidonda mgongoni na nyongani. Basi mwenye kuuguza akienda shamba, mgonjwa huumia. Akibaki nyumbani, karafuu huharibikia mtini. Msimu ukiisha, mgonjwa yungali kitandani, na fedha ya dawa haikupatikana. Mara nyingi mzigo huu huwaangukia wanawake, na pengine binti huachishwa masomo ili amsaidie mama yake. Hivyo ugonjwa wa mtu mmoja hugeuka kuwa umaskini wa nyumba nzima.

WENZETU WA MAGU

Mtauliza: Magu na karafuu, wapi na wapi? Magu ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Wenyeji wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba, mpunga na mahindi, na wafugaji wa ng'ombe. Nao ni wakulima kama sisi, na pamba nayo haingoji mwenye mgonjwa. Kulima pamoja kwa zamu huku wakiimba ni desturi yao ya zamani. Sisi twapenda kutazama walivyobeba mzigo wa kuuguza ulipowafikia kwa wingi, yaani wakati wa ukimwi.

Katika wilaya hiyo iko kata ya Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini Mwanza, katika njia ya kwenda Musoma. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wamekuwa wakifuatilia afya ya watu wa hapo, na ndiyo sababu mambo ya Kisesa yajulikana vizuri.

Dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali ya Bugando, Mwanza, watu wengi walidhani shida imekwisha. Haikuwa hivyo. Dawa ilikuwa bure, lakini njia haikuwa bure. Palihitajika nauli ya kwenda na kurudi, tena si mara moja. Palihitajika siku nzima ya kungoja. Palihitajika mtu wa kumshika mkono mgonjwa, na mtu huyo aliacha kazi yake nyumbani. Juu ya hayo palikuwa na hofu ya kusemwa na majirani. Kwa hiyo wako waliojua dawa ipo, wakabaki nyumbani.

Ndipo ikatengenezwa njia nyingine. Mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Bugando alipewa msaada wa nauli, akasindikizwa na mtu wa kujitolea wa palepale Kisesa, mmoja wa wale waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa majumbani. Msindikizaji alijua mlango wa kuingilia na mtu wa kuulizwa, na aliyekuwa mgeni wa hospitali hakupotea. Baadaye, mwaka 2008, dawa zikaanza kutolewa katika kituo cha afya cha Kisesa chenyewe, na safari ikafupika.

Angalieni vizuri jambo lililofanyika hapo. Hawakumwambia mwenye kuuguza, "Vumilia." Waliuliza, "Ni kitu gani kinachokuzuia?" Walipojibiwa nauli, wakatoa nauli, walipojibiwa msindikizaji, wakatoa msindikizaji.

BIBI NA WAJUKUU

Liko funzo la pili kutoka Magu, nalo ni chungu. Wazazi wengi walipofariki, watoto walilelewa na bibi zao. Bibi aliyemwuguza mwanawe hadi kumzika ndiye aliyebaki na wajukuu. Katika nchi ya Wasukuma wako wanawake wazee waliodhaniwa kuwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na wengine waliuawa. Wekundu huo hutoka katika moshi, maana penye upungufu wa kuni watu hupika kwa samadi kavu ya ng'ombe. Mtu alichomwa macho na moshi wa jiko alilowapikia wajukuu, kisha akatuhumiwa kwa macho hayo hayo.

Chama cha huko Magu kiitwacho MAPERECE, kikisaidiwa na shirika la HelpAge International, kilishughulika na jambo hili. Walizungumza na wanakijiji, viongozi na waganga. Wakasaidia kutengeneza nyumba za wazee na majiko yenye moshi mdogo. Sisi hapa twajifunza kwamba mwenye kuuguza au kulea akiachwa peke yake, huchoka, na zaidi ya hayo hutengwa. Na aliyetengwa hana wa kumtetea siku akisingiziwa.

YANAYOWEZEKANA KWETU

Visiwani hatuanzi na mikono mitupu. Tangu Aprili 2016 iko Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikia miaka 70. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwanachama mwenye mzee nyumbani ambaye hajaandikishwa na amwone sheha. Wako pia watu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya katika shehia zetu. Hao waweza kueleza ni wapi pa kumpeleka mgonjwa. Yanayobaki ni yetu wenyewe, na kila tawi laweza kuyafanya bila kungoja barua kutoka popote:

1. Kabla ya mchumo, tawi liwaorodheshe wanachama wanaouguza. Jina la ugonjwa lisiulizwe wala lisiandikwe. Siri ya mgonjwa ni amana.

2. Karafuu za mwenye kuuguza zichumwe kwa msaragambo, siku ya kwanza na si ya mwisho. Pishi zipimwe mbele yake na hesabu akabidhiwe mwenyewe.

3. Pawe na zamu ya kushinda na mgonjwa. Sote twajua kula kikoa: leo kwako, kesho kwangu. Zamu hii iende vivyo hivyo. Saa tatu tu kwa juma zamtosha mtu kulala, kuoga, au kwenda kliniki yake mwenyewe. Anayeshika zamu aelekezwe kwanza namna ya kumgeuza mgonjwa: watu wawili wamwinue kwa shuka iliyolazwa chini yake, wasimburute, na wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada.

4. Tawi liweke kibweta cha nauli. Kila mwanachama atoe kidogo baada ya kuuza, na mhasibu asome hesabu mkutanoni.

5. Apatikane msindikizaji mmoja au wawili waijuao hospitali, kama wale wa Kisesa.

Kuna jambo la adabu pia. Tusimwambie mwenye kuuguza, "Ukihitaji kitu useme." Hasemi, ataona haya. Tumwambie, "Alkhamisi baada ya adhuhuri nitakuja kukaa na Mama, nawe ukapumzike." Neno la kwanza humwachia mzigo, la pili humpokea. Na tukimwona amekonda, hasemi na watu, au humkasirikia mgonjwa kwa jambo dogo, tusimlaumu. Hizo ni dalili za aliyezidiwa. Na apumzishwe upesi, tena apelekwe kituo cha afya naye.

Wako watakaosema kwamba chama hiki ni cha karafuu na si cha wagonjwa. Twawajibu kwamba mkarafuu haujichumi. Leo anayeuguza ni jirani; kesho tawi la mkarafuu likivunjika, atakayelala kitandani ni mimi au wewe, na atakayekesha ni mkeo, mumeo au mwanao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

1. Katika tawi letu ni nyumba ngapi zenye mtu anayeuguza, na ni nani aliyeingia humo mwezi huu?

2. Kwetu sisi ni kitu gani kinachomzuia mgonjwa kufika hospitali: nauli, msindikizaji, au haya?

3. Nani atashika zamu ya kwanza, na siku gani?

Swali hili la tatu lisiahirishwe. Mkutano usifungwe kabla jina na siku havijaandikwa katika daftari.