Nimeshindwa uchaguzi wa kwaya: je, Mungu hanihitaji?

*Mchungaji, nimeimba kwaya tangu usichana. Juzi niligombea uenyekiti nikashindwa na kijana niliyemfundisha mwenyewe kuimba. Sasa naona aibu hata kwenda mazoezini. Je, Mungu hanihitaji?*
*Mama wa kwaya, Dodoma*

Mama, unaogopa kwamba kukosa cheo ni kukataliwa na Mungu. Hofu hiyo tumeilea sisi wenyewe makanisani, kwa kuwatukuza mno wenye vyeo.

Soma Matendo ya Mitume 1. Kwa nafasi ya Yuda kati ya mitume walipendekezwa wawili, Yusufu Barsaba na Mathiya. Wote walikuwa wamefuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana, na ndicho kigezo alichotaja Petro: kufuata. Kura ikamwangukia Mathiya. Yusufu hakulaumiwa kwa lolote, na hata Mathiya hatajwi tena kwa jina katika Biblia.

Rudi mazoezini wiki hii. Mpongeze kijana wako, umuulize asaidiwe wapi. Akikosea, mwambie faraghani. Kumtii kiongozi si kunyamazia ubaya. Uchungu ukikunyima usingizi au hamu ya kula kwa majuma, mwone mchungaji wako, na uende hospitali pia.

Usiiache kwaya, mama.