Hedifoni Yenye Masikio ya Paka

Mwezi huu tumeletewa sanduku. Mama mmoja wa jumuiya yetu alilibeba hadi ofisini, akaliweka mezani, akasema: "Haya, ninyi mnaoandika mambo ya afya, niambieni nifanye nini na vitu hivi." Mama wa ubatizo wa binti yake anaishi Canada, na alikuwa amemtumia mtoto zawadi ya Komunyo ya Kwanza. Zamani zawadi hiyo ilikuwa rozari na viatu vyeupe. Safari hii vilikuwa vifaa vya kuchezea gemu za kompyuta, vyote vyenye sura za katuni.

Binti huyo ana miaka 9. Anaye mdogo wake wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, anayetambaa, anayetembea, na anayetia kinywani kila akiokotacho. Tunamtaja mapema kwa sababu mashaka yetu makubwa yalitokana na huyo mdogo, ingawa zawadi haikuwa yake.

Sandukuni mlikuwa na hedifoni ya rangi ya waridi yenye masikio ya paka yanayowaka taa, mausi iliyotengenezwa kama dubu, pedi ya gemu ya manjano yenye uso wa Pikachu, na vikofia vidogo vya mpira vyenye umbo la nyayo za paka, vya kuvisha vijiti vya pedi. Tena mlikuwa na utepe wa taa za rangi wa kubandika ukingoni mwa meza, pamoja na rimoti yake ndogo, na miwani yenye sungura pembeni.

Sura hizi si ngeni. Paka wa Kijapani aitwaye Hello Kitty alibuniwa mwaka 1974, na michezo ya Pokémon, alikotoka Pikachu, ilianza mwaka 1996. Kwa miaka mingi tumewaona kwenye fulana na mikoba ya shule. Mwaka 2019 kampuni ya Razer ilitoa hedifoni yenye masikio ya paka, na wengine wengi wametengeneza za kufanana nayo. Kwa hiyo hata kama ninyi hamna ndugu Canada, siku moja mtoto atawaonyesha moja ikining'inia dukani.

Tulikaa na sanduku lile jioni mbili, binti mwenyewe akiwapo. Tunawaeleza tuliyoyaona.

Masikio

Juu ya boksi la hedifoni palikuwa na namba 85 kwa maandishi makubwa, na chini yake maneno ya kumtuliza mzazi, kwamba sauti haitapita desibeli 85. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Tulimvika binti, tukafungulia gemu yake, tukapandisha sauti hadi mwisho kwa nusu dakika tu. Sisi tuliokaa upande wa pili wa meza tulisikia muziki wote, hata milio ya sarafu zinazookotwa. Tukamwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka.

Hicho ndicho kipimo cha nyumbani, nacho hakihitaji mashine. Mtoto akiwa amevaa hedifoni, simama umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Ukisikia anachosikiliza, au ukimsemesha kwa sauti ya kawaida asikusikie, sauti ni kubwa mno. Namba ya kwenye boksi haitoshi. Mwaka 2016 gazeti la New York Times la Marekani liliandika juu ya hedifoni 30 za watoto zilizojaribiwa huko. Nusu yake hazikuzuia sauti kwa kiwango zilichoahidi.

Tuseme basi namba ile ni ya kweli. Hata hivyo 85 ni kipimo kilichowekwa kwa ajili ya watu wazima wafanyao kazi penye mashine za kelele, kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 75 kwa muda wa saa 40 kwa wiki. Na hapa kuna hesabu ambayo wazazi wengi hawajaambiwa: kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye 78 mtoto ana saa 20 kwa wiki, kwenye 81 ana saa 10, kwenye 84 ana saa 5. Akifika kwenye ile 85 ya boksi, anabakiwa na saa 4 hivi kwa wiki nzima, yaani kama dakika 34 kwa siku. Binti wetu alikiri kwamba Jumamosi peke yake hucheza tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Ndani kabisa ya sikio mna kijimfereji kilichojisokota kama konokono, nacho kina chembe zenye vinyweleo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kila sikio lina kama 15,000 hivi. Kelele kubwa huzilaza kama upepo ulazavyo mpunga. Kelele ikiwa ya muda mfupi huweza kuinuka tena, lakini ikirudiwarudiwa hufa, na zikifa mwili wa binadamu hauoteshi nyingine. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Zinazotangulia kufa kwa kawaida ni zile zipokeazo sauti nyembamba. Kwa sababu hiyo mtoto haonekani kiziwi. Anasikia ngoma, anasikia mlango, anasikia sauti ya mwalimu. Anachokosa ni herufi kama s, f na sh. Mwalimu akisema "kushika" yeye anasikia "kufika", naye huandika alichosikia. Nyumbani anapandisha sauti ya televisheni na kuuliza "eti?" mara kwa mara. Wengine husema masikio yanalia baada ya kucheza. Watoto wa namna hii wamechapwa kwa utundu na uzembe, kumbe hawasikii vizuri. Ukiona dalili hizo, mpeleke mtoto akapimwe masikio kabla ya kumwita mzembe.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, yalitoa kanuni za usikilizaji salama mahsusi kwa michezo ya video. Ni jambo jema, lakini kanuni hizo haziingii zenyewe ndani ya boksi lililokwisha nunuliwa.

Basi tulimshauri mama hivi. Hedifoni abaki nayo, maana inakaa vizuri kichwani na haibani, ila sauti iwekwe kwenye kompyuta na isipite asilimia 60. Simu nyingi zina mahali pa kuweka mpaka wa sauti, na mzazi anaweza kuufunga kwa namba ya siri. Mtoto apumzishe masikio kila baada ya muda. Na nyumba ikiwa tulivu, hedifoni haina kazi, acheze kwa spika ya kompyuta kwa sauti ya chini. (Baba wa familia alisema muziki ule utamtia wazimu. Tulimwambia ndiyo namna ya kujua amecheza muda gani.) Yale masikio ya paka hayaongezi wala hayapunguzi usikivu. Ni pambo tu, yanakula umeme.

Betri

Sasa tuje kwenye kile kirimoti cha utepe wa taa. Ni chembamba kama kadi, kina vitufe vya rangi, na ndicho kilichokuwa kitu kidogo kuliko vyote na cha bei ndogo kuliko vyote. Tulikivuta ubavuni kwa ukucha. Kikafunguka, ikaanguka mezani betri ya duara, bapa, inayong'aa kama sarafu, upana wake milimita 20. Yule mdogo alikuwa mapajani mwa mama yake. Mkono wake ulifika kwenye betri ile kabla ya wetu wote.

Mama alimnyang'anya. Lakini hebu tuwaeleze ingekuwaje kama tungekuwa jikoni.

Betri ya upana huo ikimezwa na mtoto mdogo yaweza kukwama kwenye umio, njia ya chakula. Pale inagusa nyama yenye majimaji pande zote mbili, na umeme unaanza kupita. Upande wa hasi hutengeneza kemikali kali ya namna ileile ya kostiki soda ambayo akina mama hutumia kutengenezea sabuni. Yaani betri haihitaji kupasuka wala kuvuja ili iunguze. Ndani ya saa 2 tu yaweza kuchoma vibaya, na baadaye kutoboa umio hadi kwenye koo la hewa au mshipa mkubwa wa damu. Hata betri iliyokwisha nguvu za kuwasha taa bado ina nguvu za kuunguza nyama.

Ubaya wake mwingine ni ukimya. Mtoto haonekani amepaliwa. Anatokwa udenda, anakataa chakula, anakohoa, anatapika, pengine ana homa. Mzazi anafikiri ni mafua au malaria, naye mtoto bado hajui kusema. Nchini Marekani mtoto wa miezi 18 alifariki Desemba 2020 baada ya kumeza betri ya rimoti. Kifo chake kilizaa sheria ya mwaka 2022, Reese's Law, inayodai kwamba nafasi ya betri za namna hii ifungwe isiweze kufunguliwa kirahisi na mtoto, kwa mfano kwa skrubu. Kirimoti cha kwetu hakikuwa na skrubu.

Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza betri, usingoje dalili. Nenda hospitali yenye eksirei saa ileile, hata kama ni usiku. Usimtapishe, wala usimpe chakula wala maji. Kama mtoto amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza, na betri imemezwa chini ya saa 12 zilizopita, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali hupunguza kuungua, lakini si tiba, na usichelewe kwa kuitafuta. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Mkifika, tamkeni neno "betri" kwa mganga wa kwanza mtakayemwona, kwa maana kwenye picha huweza kudhaniwa sarafu, na sarafu huweza kusubiri. Kama unayo betri ya aina hiyohiyo au pakiti yake, nenda nayo. Betri iliyoingizwa puani au sikioni nayo ni ya haraka vilevile.

Vikofia vya nyayo za paka tuliviweka upande mmoja na betri. Ni laini, vinateleza, na vinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Kwa binti wa miaka 9 havina neno. Kwa nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, havifai.

Vilivyobaki

Mausi ya dubu ilitufurahisha. Ni ndogo, mkono wa mtoto unaifunika, kidole kinafika kwenye kitufe bila kujinyoosha. Ina waya, kwa hiyo haina betri. Pedi ya Pikachu pia ni nyepesi na nzuri, ila atakayekaa nayo amejikunja sakafuni kwa muda mrefu ataumwa shingo, hata pedi ingekuwa na sura ya nani.

Miwani ya sungura iliandikwa kwamba inazuia mwanga wa buluu na kuyapumzisha macho. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane walipitia majaribio 17 ya miwani ya namna hiyo, wakaona pengine haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Haina madhara. Macho ya mtoto yanasaidiwa zaidi na kucheza nje mchana kama muda wa saa 2 kila siku, na hilo halinunuliwi.

Taa za kumetameta tulishauri ziwekwe kwenye mwanga mmoja uliotulia. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya Pokémon kwenye televisheni ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukimetameta kwa kasi, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitali, baadhi yao kwa degedege. Si taa za mezani zilizofanya vile, lakini kama katika ukoo wenu kuna mwenye kifafa, msimzoeze mtoto taa za kumetameta.

Mama aliondoka na hedifoni, mausi, pedi na miwani. Utepe wa taa alisema ataubandika juu, nyuma ya kabati, na kuuwasha kwa swichi yake ya ukutani. Vikofia aliviacha kwetu, na kirimoti pia. Betri yake tumeizungushia gundi ya karatasi pande zote mbili, tukaifungia kwenye kopo juu ya rafu.