Neno "responsible" likae wapi?

Ndugu wafanyakazi, Kiswahili huweka sifa nyuma ya jina: mfanyakazi mwaminifu. Kiingereza kwa kawaida huitanguliza. Kwa neno "responsible" tofauti hii yaweza kumwachisha mtu kazi. Tuseme mali imepotea, nasi twamtetea mwenzetu kwa barua. Tuandike "He is a responsible worker", yaani ni mtu wa kutegemewa. Tukiandika "He is the worker responsible", tumemwambia mwajiri kwamba ndiye aliyeipoteza! Na barua ina mhuri wetu.

Tuangalie pia neno dogo linalofuata. "Responsible to the foreman": nyapara ndiye mkubwa wako. "Responsible for the machine": mashine iko juu yako, ikiharibika utaulizwa wewe. Mkataba wenye "for" usiutie sahihi kabla hujajua umekabidhiwa nini.