Kipande cha Sabuni Mfukoni mwa Dalali

Juma lililopita nilimsaidia binamu yangu kupata nyumba ya kupanga Mji wa Kale, Mombasa, kwa siku mbili tu. Mimi nilipohamia hapa kutoka Voi kuja kufundisha, ilinichukua miezi minne, nyumba mbili, na shilingi 24,000 ambazo sijarudishiwa mpaka leo. Tofauti ni dalali. Ndiyo maana naandika, kwa sababu kila wiki nasikia mtu akisema madalali ni wezi na nyumba utajitafutia mwenyewe.

Wa kwanza nilimpata Facebook. Picha nzuri: mlango wa nakshi, baraza chini, dirisha la ghorofani linalotazama kichochoro cha kuteremkia Ndia Kuu. Kabla sijaona chochote alitaka 1,000 ya kuonyeshwa. Nikatuma. Tulipofika alifungua mfereji, maji yakamwagika kwa nguvu, nami nikafurahi kama mtoto. Siku ile ile nikalipa kodi ya mwezi 18,000, dipoziti 18,000, na 5,000 yake.

Siku ya tatu niliosha nywele, sabuni ikakataa kutoa povu. Chai ya maziwa ikakatika sufuriani. Maji yalikuwa ya kisima, yanavutwa kwa pampu mpaka tangini. Siku niliyoonyeshwa, tangi lilikuwa limejazwa maji matamu makusudi. Nikawa nanunua mitungi minne kila siku kwa muuza maji wa mkokoteni. Siku ya ishirini wakabisha hodi dada wawili na kaka yao. Wakanisalimu kwa heshima, wakaketi, wakanieleza kwamba nyumba ni ya urithi, warithi ni sita, na aliyepokea dipoziti yangu ni mmoja wao, hakumwambia mtu. Waliniachia mpaka mwisho wa mwezi, na sina neno baya juu yao. Yule dalali simu yake haikushika tena. Kuchukua pesa ya mgeni kwa nyumba ambayo humjui mwenyewe ni dhuluma, hata kama ulimfungulia mlango kwa funguo halisi.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia: nenda mtaa wa Kuze baada ya sala ya alasiri, uulize pale barazani. Ndipo nilipomkuta dalali wa pili, Ami. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniagizia kikombe cha kahawa tungu, na kwa nusu saa hakutaja nyumba hata moja. Alitaka kujua tuko wangapi, nafundisha wapi, narudi saa ngapi, kama usingizi wangu unavumilia kelele za asubuhi. Kisha akaanza kunikatalia nyumba. "Ile sikupeleki, mwanangu, wana kesi." "Ile ya Majengo, kuta za mtu na ardhi ya mwingine. Wakigombana wao, atakayetoka ni wewe." Mgeni wa bara hajui kwamba Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja, akamlipa mwenye ardhi kodi yake. Tangazo la mtandaoni halikwambii hayo. Mtu aliyekaa baraza moja miaka thelathini anajua nani alizikwa mwaka gani, na nani anadai nini.

Sasa sabuni. Tulipofika nyumba ya tatu Ami alitoa mfukoni kipande cha sabuni ya kufulia, kidogo kama tende, kimefungwa karatasi. Hakwenda jikoni. Alishuka mpaka mfereji wa chini, ule unaotoka kwenye bomba kabla maji hayajapanda tangini, akalowesha kiganja, akasugua. Povu likajaa. Akapanda, akasugua tena kwa maji ya tangi. Povu. Akarudi chini kumuuliza mama aliyekuwa akikaanga viazi karai mlangoni maji huja siku gani, na majibu yakalingana na aliyosema mwenye nyumba.

Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe. Maji ya visima vyake hubeba chokaa na chumvi, na sabuni ya kipande ikikutana nayo huganda, ikaacha utando mweupe mkononi. Maji matamu huja kwa bomba kutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Marere kule Shimba Hills, tena kwa zamu. Beba sabuni ya kipande tu. Mimi natembea na Menengai. Omo na sabuni za maji za chupa hazifai kwa kazi hii, kwa sababu hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Na pima mifereji yote miwili, wa chini na wa juu. Wa juu peke yake ndio ulionidanganya mimi.

Mengine kwa ufupi. Sheria ya Kenya ya mwaka 1984 inamtaka wakala wa nyumba awe amesajiliwa na bodi, kwa hiyo omba uone cheti. Ami hufanya kazi chini ya ofisi ya mwanawe, na cheti kimetundikwa ukutani. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, basi usitoboe ukuta kuweka kiyoyozi kabla ya kuuliza. Mapatano yaandikwe. Ada ya kuonyeshwa usilipe hata shilingi. Ami hakunidai chochote mpaka nilipotia sahihi mbele ya mwenye nyumba mwenyewe, kisha akachukua nusu ya kodi ya mwezi mmoja, nami niliitoa kwa moyo mweupe.

Binamu yangu nilimpeleka moja kwa moja pale pale barazani. Aliingia Jumamosi. Maji yake huja Jumanne na Ijumaa, na tumeshamnunulia pipa la lita 200.