Dondoo: Land Rover ya babu uani
Kama babu ameacha Land Rover Series III uani hapa Mbesa, msikimbilie rangi. Bodi ni ya alumini, haishiki kutu. Adui yuko chini, kwenye chesisi ya chuma. Igongeni yote kwa nyundo ndogo. Panapolia kama debe bovu, panamngoja fundi wa kuchomelea. Chunguzeni pia pale alumini inapogusana na chuma: unyevu huila alumini ikawa unga mweupe.

Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Wekeni magogo mapana, kisha mlitikise. Tangi la petroli lisichomelewe nyumbani hata likionekana kavu. Mvuke wake hulipuka.

Watoto wapeni kazi ya kweli: kupiga picha kila waya kabla haujachomolewa, na kupanga skrubu kwenye makopo yenye majina. (Kopo lisilo na jina ni ugomvi wa mwezi ujao.)

Kabla ya kupiga stata, toeni plagi, tieni oili kidogo kila silinda, zungusheni injini kwa hendeli. Waya za plagi kwenye injini ya silinda nne hufuata 1-3-4-2. Mipira ya breki nunueni mipya.