VIJIDUDU WEMA WA TUMBONI



Baada ya somo la twahara, mwanafunzi wetu mmoja wa hapa Bilele alituuliza: "Ustadhi, kama vijidudu ni uchafu, kwa nini tusimeze dawa tukavimaliza vyote vya tumboni?" Tulimwahidi jibu, nalo ni hili.

Si vyote adui. Katika utumbo mpana Mwenyezi Mungu (S.W.) ameweka bakteria wengi mno, na sehemu kubwa yao hutufaa. Nyuzinyuzi za chakula ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga hufika huko, na bakteria huzichachusha, kama maziwa yanavyochachuka kibuyuni. Hapo hutoka asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe hai za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta uliolishwa vizuri huwa imara, na askari wa kinga ya mwili hutulia. Askari hao wakichachamaa pasipo na adui, utumbo huvimba, huwa mwekundu, hutoka vidonda, na mtu huharisha damu na kukonda. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo huitwa Crohn. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa wagonjwa waliopungukiwa na aina fulani ya bakteria hawa, ugonjwa uliwarudia zaidi baada ya upasuaji.

Hapa Tanzania, utafiti uliotolewa mwaka 2014 uliwakuta Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, matunda ya porini na asali, wakiwa na bakteria wa aina nyingi kuliko Waitalia wa mji wa Bologna.

Nasi wa Kagera tusilionee haya sinia letu. Ndizi mbichi ya kupika ina wanga ambao sehemu yake haisagwi, bali hufika kwa bakteria. Nchini Bangladesh, mwaka 2001, ulitolewa utafiti wa watoto wachanga wenye kuharisha kwa muda mrefu. Waliopewa uji wa mchele uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa walipona wengi zaidi, na upesi zaidi, kuliko waliopewa uji wa mchele mtupu. Ebitoke kwa maharage, basi, si chakula cha kimaskini kama baadhi ya vijana wetu wanavyodhani wakishaonja chipsi!

Lakini wazazi, hapa tuseme wazi. Mtoto akiharisha kidogo tu, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini, vidonge vitatu vinne, bila kipimo. Dawa hiyo haichagui: huua wema pamoja na wabaya, na kuharisha kwingi kwa watoto husababishwa na virusi, ambavyo haviuliwi na dawa hiyo kabisa. Mtoto huyo anahitaji maji ya ORS, zinki, na kuendelea kunyonya au kula. Akitoa damu, akilegea au macho yakididimia, apelekwe hospitali mara moja. Na daktari akimwandikia dawa, aimalize kama alivyoelekezwa. Ndizi haichukui nafasi ya daktari.

Mwanafunzi wetu atauliza: na mikono je? Inaoshwa kwa sabuni kama tulivyofundisha. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hawamo katika hao wema.